Wahadhiri wamekubali kikaoni, mtandaoni hawaonekani

Swali:

"Mimi ni mkuu wa idara katika chuo kikuu cha umma hapa Tanzania. Tuko wahadhiri kumi na wanne. Menejimenti imeelekeza kwamba kuanzia mwaka ujao wa masomo theluthi ya kila kozi ifundishwe mtandaoni. Niligawa dodoso kupima mtazamo wa wenzangu, na karibu wote wakajibu kwamba wanauunga mkono ufundishaji huo. Tukawapa mafunzo ya siku mbili ya kutumia Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni. Muhula ulipoisha niliingia kwenye mfumo kukagua. Kozi tatu tu zina kitu cha maana. Nyingine zina silabasi na PDF za slaidi za zamani, na tano hazina chochote. Nilidhani tatizo ni wazee, kumbe vijana nao ni vile vile. Profesa mmoja tunayemheshimu sana alisema kikaoni, mbele ya wote: 'Mimi nafundisha watu, sifundishi kompyuta.' Nifanye nini kubadilisha mtazamo wao? Au niwaandikie barua tu, iwe ni lazima?"

Jibu:

Mwalimu mwenzangu, nakushukuru kwanza kwa kuifungua kozi moja baada ya nyingine. Wakuu wengi wa idara huletewa taarifa kwamba kozi kadhaa "zimepakiwa", wakaridhika hapo. Wewe umeona kilichomo ndani, na ndiyo maana tunaweza kuzungumza kwa maana.

Katika maneno yako nasoma mashaka mawili. Moja ni kwamba wenzako walikudanganya kwenye dodoso. Jingine ni kwamba ukiwabana utavunja maelewano ya idara, na usipowabana menejimenti itasema umeshindwa kazi. Hilo la pili lina msingi na nitalijibu kwa kirefu. La kwanza liondoe moyoni. Hawakukudanganya. Dodoso liliwauliza jambo moja, wewe ukawa unasubiri jibu la jambo jingine.

Mwaka 1934 mwanasosholojia wa Marekani, Richard LaPiere, alichapisha makala fupi ambayo kila anayepima mitazamo angepaswa kuijua. Alikuwa amezunguka nchini humo akiwa na kijana Mchina na mkewe, nyakati ambazo Wachina walibaguliwa waziwazi. Waliingia kwenye hoteli na migahawa zaidi ya 250, wakakataliwa mara moja tu. Baadaye akaziandikia sehemu zile zile kuuliza kama zinapokea wateja Wachina. Zaidi ya asilimia 90 ya waliojibu walisema hapana. Kwenye karatasi walikataa, mlangoni walikuwa wamepokea. Idarani kwako imekuwa kinyume, lakini sababu ni moja: mtu anayejaza karatasi anajibu kuhusu wazo, na anayesimama mlangoni anashughulika na wageni wawili waliochoka, mizigo yao na fedha mkononi.

Dodoso lako bila shaka lilikuwa na sentensi kama "Naamini ufundishaji wa mtandaoni unaweza kuboresha ujifunzaji." Ni mhadhiri gani angekataa hilo, tena kwenye fomu iliyotoka kwa mkuu wake wa idara? Ukitaka kujua mtu atafanya nini, muulize kuhusu kazi yake, si kuhusu wazo. Fred Davis, mmoja wa watafiti wanaotajwa sana katika eneo hili, mwaka 1989 alionyesha kwamba watu huanza kutumia teknolojia kazini kwa kupima mambo mawili: je, itanisaidia katika kazi yangu, na je, itanipa shida kiasi gani? Angalia neno "yangu" hapo. Kwamba mfumo utakisaidia chuo, au utaipendezesha ripoti ya menejimenti, halimo kwenye hesabu ya mtu anayefundisha kozi tatu, anayesimamia tasnifu za wanafunzi na ambaye bado anadaiwa makala na jarida.

Sasa hili la umri. Umeshagundua mwenyewe kwamba vijana nao hawajafanya, na hilo si ajabu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kufundisha 1994. Makerere walianzisha shahada zao za nje ya chuo mwaka 1991. Waliozibeba kazi hizo, waliokuwa wakiandika masomo ya kusomwa na mwanafunzi aliyeko Sumbawanga au Gulu bila mwalimu mbele yake, ni watu ambao leo tunawaita wazee, na baadhi yao wanajua kufundisha kwa mbali kuliko kijana yeyote mwenye simu ya kisasa. Kijana naye ana hesabu zake. Mhadhiri msaidizi wako anahangaika na shahada ya uzamivu, na anajua atapanda daraja kwa pointi za machapisho. Akitumia wiki sita kuijenga kozi nzuri mtandaoni, hatapata pointi yoyote, na rafiki yake aliyezitumia kuandika makala atamtangulia. Ukimwambia ana mtazamo hasi utakuwa unamwonea. Amesoma kanuni za chuo chenu na kuzielewa.

Mafunzo ya siku mbili nayo yalilenga pale ambapo tatizo halipo. Yalifundisha vitufe: bofya hapa, pakia faili, weka tarehe. Ugumu wa kazi hii unaonekana saa nne usiku. Mfikirie mwenzako nyumbani, watoto wamelala, jenereta ya jirani imenyamaza ndipo akapata utulivu wa kurekodi. Amezungumza dakika arobaini, akagundua kipaza sauti kilikuwa kimezimwa, akarudia. Faili limefika megabaiti mia sita. Analipakia kwa bando lake mwenyewe. Linasogea, linafika asilimia themanini, mtandao unakatika, linaanza upya. Kesho asubuhi ana mhadhara ana kwa ana wa kozi hiyo hiyo, kwa saa zile zile za zamani, kwa sababu ratiba haikupunguzwa. Hajakataa ufundishaji wa mtandaoni. Ameufanya mara moja, akauona ni kazi ya pili isiyo na mshahara.

Kuna jambo jingine ambalo wahadhiri hawalisemi kirahisi kikaoni, maana linagusa heshima yao. Mhadhiri mzuri anafundisha huku anasoma nyuso. Anaona kalamu zimesimama, anasikia mnong'ono wa safu ya nyuma, anauliza "Tuko pamoja?" na namna darasa linavyoitika inamweleza kama aendelee au arudie. Mpeleke huyo huyo kwenye mkutano wa video wenye viboksi vyeusi themanini, vingine vimeandikwa jina la simu badala ya jina la mwanafunzi. Anauliza "Mmenielewa?" Kimya. Hajui kama wameelewa, wamelala, wameishiwa bando au wameiacha simu mezani. Amepoteza kifaa chake muhimu kuliko vyote, na amekipoteza mbele ya watu. Haya inayotokana na hali hiyo ni kubwa, hasa kwa mtu aliyesifiwa kwa miaka ishirini kwamba anajua kufundisha.

Wengi walionja hali hii wakati wa UVIKO. Kwetu vyuo vilifungwa Machi 2020 vikafunguliwa tarehe 1 Juni, na waliojaribu kufundisha kwa mtandao kipindi kile, hapa na kwa majirani zetu, walijifunza kwa kukimbizana na akaunti ya bure ya Zoom iliyokata mkutano baada ya dakika arobaini. Mwezi Machi mwaka huo huo Charles Hodges na wenzake huko Marekani walihimiza kwamba kilichokuwa kikifanyika kiitwe ufundishaji wa dharura kwa mbali, kisichanganywe na kozi ya mtandaoni iliyosanifiwa kwa miezi. Walikuwa sahihi. Lakini wenzako wanakumbuka walichokionja, na anayesikia "mtandaoni" leo anaona vile viboksi vyeusi. Kabla hujawaomba chochote, waambie waziwazi kwamba hutaki wahamishie mhadhara wa saa mbili kwenye video. Utaona mabega yanavyoshuka.

Nije kwa profesa wenu. Sentensi yake iliwafanya watu wacheke, au wanyamaze, na wewe uliipokea kama upinzani. Nakuomba uisikie tena kama onyo la mtaalamu. Michael Moore, aliyefanya kazi ya elimu ya watu wazima nchini Kenya kabla ya kuwa profesa Marekani, ameeleza kwa miaka mingi kwamba umbali unaowadhuru wanafunzi si wa kilomita. Ni ule unaojengeka pale mazungumzo kati ya mwalimu na mwanafunzi yanapopungua. Mwanafunzi anaweza kukaa mita kumi kutoka kwa mhadhiri, katika ukumbi wa watu mia sita, akawa mbali kabisa. Mwingine anaweza kuwa Kigoma akapata maoni mawili ya maana kuhusu insha yake akawa karibu. Profesa anaogopa kwamba kompyuta itameza mazungumzo, na ukitazama zile kozi zako zenye PDF peke yake, ndicho kilichotokea.

Hofu yake kuhusu ubora nayo ina ushahidi, ingawa ushahidi wenyewe una pande mbili. Mwaka 2009 Wizara ya Elimu ya Marekani ilitoa uchambuzi wa tafiti nyingi kwa pamoja, ikaonekana wanafunzi waliosoma kwa mseto, yaani darasani na mtandaoni, walifanya vizuri kidogo kuliko wa darasani peke yake. Waandishi wenyewe walitahadharisha kwamba wa mseto mara nyingi walipata pia muda zaidi na nyenzo zaidi, hivyo sifa isipewe mtandao. Kwa upande mwingine, Di Xu na Shanna Jaggars walifuatilia wanafunzi wa vyuo vya jamii katika jimbo la Washington, wakakuta kwamba kozi za mtandaoni kikamilifu ziliwaangusha zaidi wale waliokuwa tayari dhaifu kimasomo. Mwanafunzi mwenye nidhamu na msingi mzuri alihimili, mwenzake aliachwa. Kwa hiyo mtu akikuambia utafiti umethibitisha kuwa mtandaoni ni sawa na darasani, au kwamba ni hafifu, hajasoma vya kutosha. Mseto uliosanifiwa ni salama, hasa mwaka wa kwanza. Mtandao mtupu kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza walio wengi na wanaotoka shule za kila aina, mimi nisingeukubali.

Ipo pia hofu ya kurekodiwa, na hii usiichukulie kama kisingizio. Mhadhiri wa siasa au wa sheria akitoa mfano mkali darasani, mfano huo unaishia darasani. Ukirekodiwa, sekunde ishirini zinaweza kukatwa zikazunguka kwenye makundi ya WhatsApp bila yaliyotangulia na yaliyofuata. Halafu kuna swali ambalo watu huuliza kwa sauti ya chini: nikisharekodi mihadhara yangu yote, chuo kitanihitaji tena? Januari 2021, katika Chuo Kikuu cha Concordia cha Montreal, Kanada, mwanafunzi aliyekuwa akisoma historia ya sanaa kwa video alitaka kumwandikia barua pepe mhadhiri aliyempenda, François-Marc Gagnon. Alipomtafuta akakuta amefariki dunia mwaka 2019. Chuo kilikuwa kinaendelea kufundishia video zake. Mhadhiri yeyote aliyeisikia habari hiyo ana haki ya kuuliza rekodi ni ya nani, itatumika mpaka lini, na nani ataifuta. Jibu la maneno halitoshi. Tafuta sera ya chuo kuhusu miliki bunifu, na kama haisemi lolote kuhusu rekodi za mihadhara, omba liandikwe kabla mtu hajabonyeza kitufe cha kurekodi. Sauti na sura za wanafunzi nazo ni taarifa binafsi chini ya sheria yetu ya mwaka 2022, hivyo anayerekodi darasa awaarifu, na wajue rekodi inakwenda wapi.

Kuhusu udanganyifu na akili mnemba nitakuwa mfupi. Insha ya kuandikia nyumbani haimwambii tena mhadhiri ni nani aliyeiandika, na hilo ni hivyo hata kama kozi yake haina ukurasa mmoja mtandaoni. Usiliruhusu libebeshwe ufundishaji wa mtandaoni. Mtihani wa mwisho ubaki chumbani, chini ya wasimamizi, na majaribio ya mtandaoni yapewe alama chache ili kusiwe na faida kubwa ya kudanganya.

Umeniuliza utabadilishaje mtazamo. Ushauri wangu ni kwamba usiuguse. Thomas Guskey, aliyechunguza kwa nini mafunzo mengi ya walimu hayazai matunda, aliandika mwaka 1986 kwamba tumeupindua mpangilio. Tunajaribu kuibadilisha imani ya mwalimu, tukitarajia kwamba vitendo vitafuata na mwishowe wanafunzi watanufaika. Alichokiona ni kwamba mwalimu hujaribu jambo dogo, huona wanafunzi wake mwenyewe wamefanya vizuri zaidi, na imani huja nyuma ya hapo. Anayehitaji kushawishika hashawishiki kwa slaidi za mtaalamu aliyetoka mjini, nikiwemo mimi. Anashawishika kwa karatasi za wanafunzi anaowajua kwa majina. Kazi yako basi ni kulifanya jaribio la kwanza liwe dogo, liwe na nafuu kwake, na lisimwaibishe.

Tuangalie njia ulizonazo. Barua ya lazima ina faida moja, inaonekana. Menejimenti itaridhika kwa mwezi mmoja. Lakini barua huzaa PDF. Mtu aliyelazimishwa kuwa na kitu mtandaoni ataweka kitu, na mwanafunzi atapakua desa la mwaka 2016 kwa bando lake. Hata hivyo silikatai shurti lote. Kuna kiwango cha chini ambacho ni haki ya mwanafunzi na hakimgharimu mhadhiri usiku mzima: silabasi, orodha ya vitabu, tarehe za majaribio na slaidi za wiki hii. Hilo lidai, kwa barua ukitaka, na mpe mkufunzi msaidizi mmoja kazi ya kuwasaidia wanaokwama kupakia. Kisha usiite kiwango hicho ufundishaji wa mtandaoni. Ni ubao wa matangazo mzuri.

Njia ya kuwaacha wanaopenda wafanye na wasiopenda waache ni tulivu, lakini inawachosha wale watatu ambao kozi zao umezikuta na kitu cha maana. Watageuka mafundi wa idara nzima, kila mtu atawapigia simu, na baada ya mihula miwili nao wataacha. Umesema kozi tatu kana kwamba ni aibu. Ningekuwa wewe ningeanza kwa kuwaita wenye kozi hizo na kuwauliza ni nini kiliwagharimu.

Halafu zungumza na kila mmoja wa wale waliobaki, peke yake, ofisini kwake na si kwako, na usiende na fomu. Muulize ni kazi gani kwenye kozi yake inayomchosha kuliko zote. Muulize akijaribu kitu mtandaoni, ni kitu gani kikitokea kingemfanya ajute. Muulize pia ungemwondolea nini ili apate muda. Swali la kwanza ndilo litakalokupa mlango wa kuingilia, na mara nyingi kwa walio na madarasa makubwa jibu ni lile lile: kusahihisha majaribio. Mhadhiri mwenye wanafunzi mia nne na majaribio mawili kwa muhula anasahihisha vitabu mia nane, na mwanafunzi anarudishiwa jaribio la kwanza wakati la pili limeshapita.

Huyo usimpeleke kwenye video. Kaa naye, na mkufunzi msaidizi akiwepo, mtengeneze hazina ya maswali kwenye Moodle. Aandike maswali sitini ya mada mbili za kwanza, ambayo mengi yamo tayari kwenye mitihani yake ya zamani. Mfumo umpe kila mwanafunzi maswali kumi na tano kwa kubahatisha, ili jirani yake asiwe na yale yale. Jaribio libaki wazi kwa saa arobaini na nane, kwa sababu kuna atakayekatikiwa umeme na kuna atakayelazimika kwenda kwenye maabara ya kompyuta ya chuo. Alama ziwe chache. Muda ukiisha, mfumo umeshasahihisha, na katika ripoti yake mhadhiri ataona swali gani limewashinda wengi. Kesho yake anaingia ukumbini na kulifundisha swali hilo upya. Hapo ndipo nimeona wahadhiri waliokuwa baridi kabisa wakibadilika, tena haraka, kwa sababu kitu kilichowaumiza kimepungua na wamepata njia nyingine ya kuzisoma zile nyuso. Onyo ni kwamba kuandika maswali mazuri ni kazi ngumu mara ya kwanza. Mwambie hivyo mapema. Nafuu huonekana muhula wa pili.

Kwa mhadhiri wa kozi ndogo ya mjadala jambo ni tofauti. Hapo sauti inatosha. Rekodi ya mtu anayezungumza, kwa kilobiti 32 kwa sekunde, haifiki hata megabaiti 15 kwa saa nzima, ilhali mkutano wa video wa saa moja unaweza kummalizia mwanafunzi gigabaiti. Dakika kumi na mbili za sauti kabla ya darasa, swali moja la kujibu kwa maandishi, kisha mjadala ana kwa ana. Sauti pia inapakuliwa mapema na kusikilizwa wakati wowote. Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu baharini na intaneti ikayumba nchini, waliokuwa wametegemea mikutano ya moja kwa moja walikwama. Mwenye mafaili tayari kwenye simu aliendelea kusoma. Na kwa kozi za maabara, au zinazohitaji mkono uguse kitu, theluthi inaweza kuwa ni maandalizi na ripoti tu. Usikubali hesabu moja ilazimishwe kwa kila kozi. Ipeleke hoja hiyo juu ukiwa na majina ya kozi na sababu za kila moja.

Jambo la kupeleka juu ndilo ninalolihimiza kuliko yote, na hapa utahitaji ujasiri. Theluthi ikifundishwa mtandaoni, saa hizo ziondoke kwenye ratiba ya ukumbini. Zisipoondoka, menejimenti haijabadilisha namna ya kufundisha, imeongeza kazi. Omba pia kozi iliyosanifiwa vizuri ihesabiwe kwenye tathmini ya mwaka ya mhadhiri, na ikiwezekana kwenye vigezo vya kupanda daraja. Omba bando, au angalau chumba kimoja chenye mtandao wa uhakika na kipaza sauti, ambacho mhadhiri anaweza kukifunga mlango kwa saa mbili. Fedha za vifaa zimefika katika vyuo vingi vya umma miaka ya karibuni, hasa kupitia HEET, mradi wa kuendeleza elimu ya juu nchini, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 425 mwaka 2021. Ambacho mara nyingi hakipo ni mtu wa kusema kwamba mhadhiri anahitaji muda kabla ya kuhitaji kompyuta nyingine. Soma miongozo ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kuhusu ufundishaji wa mtandaoni na wa mseto kabla ya kikao, ili ujenge hoja kutoka ndani ya kanuni.

Kwa muhula wa kwanza chagua wahadhiri watatu tu, na wasiwe wale wanaosifika kwa kompyuta. Akifanikiwa fundi, wengine watasema "yule ni fundi." Chagua wanaoheshimiwa kwa kufundisha. Profesa wenu ningemfuata wa kwanza, kwa unyenyekevu, bila kumtaka akubali lolote. Mwombe akusaidie kujibu swali ambalo yeye mwenyewe amelianzisha: katika kozi yetu ya mwaka wa kwanza, mazungumzo na mwanafunzi yanapotea wapi, na nini kifanyike yarudi? Kama jibu lake halina kompyuta ndani yake, lichukue vile vile. Idara itakuwa imepata kozi bora.

Kuna mambo ambayo jibu la maandishi kama hili halifai. Kama una mwanafunzi kiziwi au asiyeona, usisubiri mfumo ukamilike ndipo umfikirie. Nenda na mhadhiri wake kwenye kitengo cha wanafunzi wenye mahitaji maalumu, mkae na mwanafunzi mwenyewe akiwepo, kwa sababu faili la sauti ninalolisifia hapa halimfai kiziwi, na PDF iliyopigwa picha haisomeki kwa programu ya kusomea. Kukitokea mgogoro kuhusu rekodi, au mhadhiri ametishiwa kwa kipande cha video kilichosambaa, mpeleke kwa mwanasheria wa chuo na kwa jumuiya ya wanataaluma siku hiyo hiyo, na mwambie asijibu lolote mitandaoni. Katika yale mazungumzo ya ofisini unaweza pia kukutana na mwenzako ambaye shida yake si mtandao kabisa: halali usingizi, amechoka kupita kiasi, haoni vizuri kwenye skrini au anaficha ugonjwa. Hapo acha habari za Moodle. Mpunguzie kozi kama una uwezo, msindikize kwa daktari au kwa mshauri nasaha wa chuo, na jina lake liondoke kwenye orodha ya muhula huu bila maelezo kwa mtu yeyote.

Ukishawapitia wote, niandikie majibu yao ya swali la pili, lile la kujuta, bila majina. Majibu hayo yatatuonyesha kama idara yako inahitaji sera ya rekodi kwanza, au saa za ratiba kwanza, na nitakusaidia kuandaa hoja ya kupeleka kwa menejimenti kabla ratiba ya mwaka ujao haijapangwa.